Chumba Juu ya Shimo

"Choo kimeziba, fundi." Ndivyo mwenye nyumba alivyonipokea getini. Wateja wote husema hivyo, na mara nyingi choo chenyewe hakina kosa. Niliingia bafuni, nikamwaga ndoo nzima ya maji chooni, nikasubiri. Maji yalipanda hadi ukingoni, yakashuka kwa kusitasita, kisha tundu la sakafuni pale pa kuogea likaguguma na kutapika maji meusi. Nikaenda jikoni kufungulia sinki. Choo kikatoa mapovu.

"Hiki choo unakisingizia," nikamwambia. "Sinki, bafu na choo vinaumwa pamoja, kwa hiyo ugonjwa uko mbele, kwenye njia kuu au kwenye shimo. Shimo liko wapi?"

"Nyuma kule, karibu na ukuta," alisema, macho kwenye viatu vyake.

Nina miaka ishirini na miwili katika kazi hii, na watu wananiita Mama Bomba. Wanaume wengi huanza kwa kuniuliza kama fundi mwenyewe ni mume wangu. Huyu hakuniuliza, na bado alinikera. Mtu anayejua shimo lake lilipo hunyoosha kidole.

Nilifunua chemba ya kukagulia majitaka iliyo nje ya bafu, nikaikuta imejaa pomoni. Nikaingiza waya wa kuzibulia kwenye bomba linalotoka. Haukwenda nyuma hata kidogo. Ulikata kushoto, ukapita chini ya chumba kipya kilichoungwa ubavuni mwa nyumba.

"Nani analala humu, bwana?"

"Mama mkwe. Alivunjika nyonga, hatembei. Mke wangu alitaka awe karibu." Akageuka kutazama geti. "Mke mwenyewe amekwenda kumchukulia dawa."

Nilivua viatu, nikabisha hodi. Bibi alikuwa ameegemea mito juu ya kitanda kikubwa cha mbao, cha kubebwa na watu wanne.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Afadhali. Hawa wanaume wakizibua leo, kesho pameziba."

Nilicheka, nikachuchumaa pale pale mlangoni, nikagonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Karibu na ukuta palikuwa pagumu. Nilipogonga hatua moja mbele, pakalia kama debe tupu. Nikakunja pembe ya zulia la plastiki. Chini yake kulikuwa na ufa wa kuingia kidole, umezunguka hadi chini ya kitanda, na harufu ya shimo ikanipanda puani. Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umeanza kudidimia.

"Usimwonyeshe mkwe wangu," Bibi akaninong'oneza. "Nilimwambia binti yangu atandike hilo zulia makusudi. Mtu ukipewa chumba hukosoi sakafu."

Nilitoka kinyumenyume kwa magoti, nikamshika yule bwana mkono wa shati.

"Juu ya shimo uliweka nini? Sema upesi."

"Mbao na bati, halafu zege." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kiwanja kidogo, fundi. Nilisema mwaka ujao nitachimba lingine."

"Na nondo?"

Akatikisa kichwa.

Nilitaka kumzaba kibao, na nasema kweli, mkono ulishainuka. Lakini kibao hakimtoi mtu kitandani. Nikamwambia asimwage tone la maji wala asiwashe kiberiti kwa sababu ya gesi ya shimo, alete mbao ndefu nilizoziona stoo. Tulizipitisha kando ya kitanda, kutoka kizingitini hadi ukuta wa pili, zikalalia msingi huku na huku ili uzito wetu usiguse katikati.

"Bibi, tunakutoa nje. Hii sakafu si nzima."

"Sitoki." Alishika ukingo wa kitanda. "Nimeelewa. Mkwe amenichoka, amekutuma wewe. Akitaka niondoke, aseme kwa mdomo wake."

Nikamtazama yule bwana. Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, mahali ambapo, nilivyokuja kujua, alimsalimia mama mkwe kila asubuhi kwa miezi saba. Kwa heshima, hakuwahi kuingia chumbani kwake.

"Fundi, humo ni chumbani kwa mama mkwe," alisema.

"Heshima inataka mtu aliye hai. Ingia."

Chini yetu kitu kilikatika, kikadondoka majini. Bibi alikisikia, nami niliona vidole vyake viking'ang'ania ubao wa kitanda.

"Mama," yule bwana akasema. "Sijakuchoka. Nimekulaza juu ya shimo la choo. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Bibi aliachia kitanda, akaninyooshea mikono.

Tulimviringisha kwenye blanketi. Mkwe alipanda juu ya mbao kwa miguu mitupu, akamshika kichwani, mimi miguuni, tukatembea hatua ndogo ndogo. Mbao zilipinda. Bibi aliuma blanketi kwa maumivu ya nyonga wala hakulia. Tulikuwa tumeshavuka kizingiti, tunamlaza kwenye kochi la sebuleni, sakafu ya chumba ilipoporomoka. Haikuwa kelele kubwa. Nilipogeuka, kitanda kilikuwa kimesimama wima ndani ya shimo, mito inaelea kwenye uchafu.

Nilifungua madirisha yote, nikafunga mlango wa kile chumba, nikarudi sebuleni.

Yule bwana alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi. "Nisamehe, mama."

"Kila alfajiri nilikuwa nakuombea," Bibi alisema taratibu. "Nilisema, Mungu, huyu si mwanangu wa kumzaa, lakini amenijengea chumba."

Mkwe alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na sikumwonea huruma. Bibi alimwekea mkono kichwani.

"Nimekusamehe," alisema. "Sasa niambie, baba. Leo katika nyumba yako hii, utanilaza wapi nipate usingizi?"

Mkwe aliitazama sakafu ya sebule chini ya magoti yake, kisha akanitazama mimi, kama anayetaka niigonge hiyo nayo.