Udongo Aliopewa Mgeni

Ulipita pale. Usiniambie hukupita. Ulitoka Masasi ukapanda Newala, ukauona mteremko unaotazama Ruvuma umevuliwa nguo mpaka mifupa, ukapandisha kioo cha gari kwa sababu ya vumbi. Vumbi lile lilikuwa shamba la mtu.

Ilikuwa miaka ile tulipoambiwa kila kitu ruksa, mwenye fedha akawa anaonyeshwa kilima na kuambiwa chagua. Kampuni moja yenye ofisi Masasi ikachagua mteremko wa magharibi. Ikakata miti, ikang'oa visiki, ikapanda mahindi matupu toka juu hadi chini, bila hata tuta la kuzuia maji. Mvua zikaporomosha udongo, na chemchemi ya chini ikafukiwa. Ikabaki moja tu, ya mteremko wa mashariki. Huko ndiko Veridiana, mama yake Loveness, na majirani zake walikoteremka alfajiri na kupanda na ndoo kichwani, magoti yakilia. Na sasa kampuni ilikuwa imeuomba na mteremko huo.

Ndipo akaja Cecil, mtaalamu wa tope. Watu walicheka waliposikia kazi yake. Fakihi, mwenyekiti wa kijiji, alimuuliza kama huko chuoni vitu vya maana vimekwisha kusomwa vyote. Cecil naye akacheka, halafu akawaeleza. Kule Ruvuma inakoingia baharini alikuwa amezamisha bomba kwenye tope la mikoko. Tope lile lina kaboni, yaani mabaki ya majani na mizizi iliyooza, na si yote ya mikoko. Nyingine imesombwa na mto kutoka juu. Kaboni ya miti ina alama yake, ya mahindi ina yake. Matabaka ya chini yalikuwa na alama ya miti. Ya juu, ya miaka hii, yalijaa mahindi, na mikoko ilikuwa inakufa kwa kufukiwa. Alitaka kujua ni mahindi ya nani: ya kampuni, au yale machache ambayo akina mama huchanganya na mbaazi na muhogo kwenye vishamba vyao vya ukingoni mwa kilima. Wakubwa wa wilaya walisema wangegawa mteremko wa mashariki kwa kufuata jibu lake.

Mlinzi wa kampuni alimkatalia Cecil kuingia kuchota udongo wa kulinganisha. Veridiana akasema yeye anaijua njia ya nyuma, akachukua mfuko, akaenda.

Alichokikuta kule kilimtia haya. Hakikuwa udongo, kilikuwa kidonda: changarawe nyekundu na mabua ya mahindi yaliyokauka. Mtoto wa watu ametoka pwani, amemwamkia vizuri, amekula ugali kwake na kuwekewa firigisi, halafu ampe changarawe? Alisogea pembeni, nje ya mpaka, chini ya miti iliyosazwa. Akachimba udongo mweusi wenye majani yaliyooza, unaonukia mvua, akajaza mfuko.

"Mama Loveness, huu ndio wa mteremkoni?" Cecil aliuliza.

"Wa huko huko, mwanangu. Kwetu mgeni hapewi makapi."

Cecil akadhani ni utani. Akafunga mfuko, akaandika jina la mteremko wa kampuni.

Cecil alikwisha kurudi pwani majibu yake na uamuzi wa wilaya viliposomwa mkutanoni. Udongo wa kampuni una miti tu, hauna mahindi. Basi mahindi yaliyofika baharini ni ya akina mama. Wasilime tena ukingoni. Na kampuni, kwa kuwa imeonekana inautunza udongo, ipewe mteremko wa mashariki.

Veridiana alisimama, kanga imemlegea.

"Mwenyekiti, udongo ule niliuchota pembeni, chini ya miti. Niliona haya kumpa mgeni ule wa mle ndani."

"Ungemtilia na chumvi kabisa," mtu akasema, na watu wakacheka. Aliyecheka kwa muda mrefu kuliko wote ni bwana wa kampuni, mwenye shati jeupe. Akasema aliyedanganya jana anaweza kudanganya na leo. Veridiana alimtazama Fakihi, ambaye mkewe alichota maji chemchemi ile ile ya mashariki. Fakihi akatazama viatu vyake, akasema elimu imeshasema, akafunga mkutano.

Veridiana hakurudi nyumbani. Aliazima jembe na mfuko akapita njia ya nyuma, mchana kweupe, akachimba changarawe ile ile aliyoionea haya. Mlinzi alimsukuma akaanguka, lakini mfuko hakuuachia. Ameupeleka wilayani. Wamemwambia mfuko mmoja, wa mtu mmoja tena mwongo, si ushahidi.

Misumeno imeshashushwa mteremko wa mashariki. Basi inuka. Chukua jembe na mfuko, chimba mle ndani mlinzi akikutazama, mchimbe watu mia, muimwage changarawe yote mlangoni pa wilaya mpaka Cecil aitwe apime upya. Wengine wakae mbele ya misumeno. Si kesho. Mti wa kwanza unakatwa sasa hivi.