Kakao ya Éliakim na Mimi

Bwana yangu Éliakim alikuwa mutu muzuri, mais ku karata alikuwa muharibifu. Nasema vile na nitasema tena, ata kama bantu ba kanisa banasema marehemu hasemwi.

Ule mchezo alijifunzaka Goma, akakata karata zake mwenyewe ku makarto, maboksi ya biskwi. Kila mutu anaanza na karata kumi za ovyo, za feza tu, na tunacheza kwa zamu, kila mutu tour yake. Ku tour yako unakamata tano. Zikienea, zikitosha bei, unanunua karata ya nguvu zaidi katikati ya meza, kama ya zahabu, unaichanganya na zako. Karata za Nyumba ziko na pointi nyingi, mais ni za bei kali, zahabu tatu kila moja. Nyumba ya mwisho ikinunuliwa, mchezo umekwisha, muhesabu.

Kuko tena karata ya Kakao. Ile ukiinunua haikupatii kitu. Unailaza mbele yako, na kila tour yako ikifika unaweka juu yake mbegu moja ya kakao. Mbegu moja, pointi moja. Ukipewa wakati, hakuna Nyumba itakushinda. Na mbegu zenyewe zilikuwa za shamba letu la Mangina: siku tulikimbia vita ya adui kuja Butembo, Éliakim alizikuta ndani ya mufuko ya koti yake.

Mimi nilipandaka Kakao tu. Éliakim alikimbiliaka Nyumba, moja, mbili, tatu, fungu limekwisha, na Kakao zangu ziko na mbegu mbili-mbili. "Mama Providence," ananicheka, "nani alikuambia bantu ba huku banaweza kungoja kakao iive?" Miaka kumi na moja ya ndoa, sikumushinda ata siku moja. Nilitaka mara moja tu. Municheke kama munataka, mais niliiombaka kwa Mungu.

Ile Jumanne asubuhi alikuwa anaenda Mangina kuvuna. Bajirani balisema kule kumetulia. Mimi nilikataa, tukagombana kabisa. Mwisho akasema, haya, kaa, tucheze wakati tunangoja moto, pikipiki ya kunipeleka. Katikati ikabakia Nyumba moja. Mbele yangu kulikuwa Kakao tano, na mbegu zinaongezeka. Ningepata tour tatu tu, ningemushinda! Motard wa ile pikipiki akapiga klaksoni ku njia. Éliakim akaangalia karata zake, akakunja uso.

"Hazienei," akasema. "Siwezi kununua kitu. Acha vile, tutamalizia nikirudi."

Akazilaza kifudifudi ku meza. Mimi nikafurahi vibaya, nikamufuata mpaka ku mulango, nikamupigia kelele mbele ya bajirani bote: "Papa Providence, usirudi mbio! Acha kwanza kakao yangu iive!"

Akacheka mpaka motard naye akacheka.

Ijumaa Phinées, mudogo wake, akanipigia simu toka Beni. Adui balibakuta ku shamba, Éliakim na bantu bengine bane. Barabara ilikuwa imefungwa. Balimuzika kule kule, sikumuona. Yoo, Nyamuhanga, Mungu wangu. Bantu balikuja ku kilio, balikaa, balienda. Meza ya karata niliifunika na kitenge. Phinées alitaka kuiondoa apate pa kuweka sahani, nikamufokea mbele ya pasta, na sijamuomba musamaha.

Mwezi ukapita. Jana mutoto wetu Providence alikuwa ku masomo, nikafunua kitenge. Tour ilikuwa ya Éliakim. Nikajiambia: hana cha kununua, alisema yeye mwenyewe. Nitapitisha tour yake, niweke mbegu zangu, nimushinde ata vile. Nikageuza karata zake.

Zahabu tatu, feza mbili. Nyumba inaomba zahabu tatu tu.

Bongo! Alinidanganya! Ilikuwa kunyoosha mukono tu, anunue, anicheke, apande moto yake. Alinihurumia, ule muharibifu. Alitaka nipate kile nilikuwa nangoja miaka yote.

Nikamutukana mimi peke yangu ndani ya nyumba. Nikalia mpaka sauti ikakauka. Kisha nikarudisha karata zake kifudifudi, vile aliziacha. Sitamununulia ile Nyumba, na sitapitisha. Tour ni yake.

Nilimuambia asirudi mbio. Miaka kumi na moja ya ndoa, ile ndiyo mara moja Éliakim alinisikia.