Ushuhuda wa Bwana Dimitar

Jumapili moja ya mwaka 2015, katika kanisa dogo la mtaa wa Kensington-Bailey mjini Buffalo, Marekani, mchungaji alimkaribisha mgeni: Bwana Dimitar, Mbulgaria aliyeteswa na wakomunisti kwa ajili ya imani. Josephine Rugaba, muuguzi kutoka Bukoba, aliinua uso. Nywele zilikuwa zimemwisha yule mzee, lakini sauti ilikuwa ileile.

Josephine alisomea uuguzi Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, miaka ya themanini, na Dimitar ndiye aliyekuwa katibu wa chama cha kikomunisti bwenini kwao. Alipekua masanduku ya wanafunzi wa kigeni, akamnyang'anya Biblia ya Kihaya aliyopewa na mama yake, akamwita mtumwa wa wamisionari mbele ya wenzake. Serikali ilipoanguka, kabla hata theluji ya mwaka huo haijayeyuka, Dimitar alikuwa mstari wa mbele kanisani, na mshumaa mnene kuliko wa askofu.

Sasa alisimulia jinsi alivyozificha Biblia za wanafunzi Waafrika chini ya godoro lake. Telesphory, mume wa Josephine, akapiga makofi.

"Unampigia nani?" Josephine alimnong'oneza.

"Mtu wa Mungu huyo. Amepitia mengi."

"Amepitia masanduku yetu."

Baada ya ibada Josephine alimfuata yule mzee mezani kwenye chai, akamsemesha kwa Kibulgaria. "Mimi ni yule Mtanzania. Biblia yangu uliificha chini ya godoro lipi?"

Dimitar akaweka kikombe mezani. "Dada, zama zile kila mtu aliogopa."

"Tulioogopa ni sisi. Wewe ndiye tuliyekuogopa."

"Nimebadilika."

"Waliobadilika ni wakubwa wako."

Mchungaji akawafikia, akauliza kama wanafahamiana. Dimitar akawahi kujibu kwa Kiingereza: huyu ni mmoja wa mabinti aliowaokoa.

"Huyu ndiye aliyetunyang'anya Biblia," Josephine akasema, taratibu, kila mtu asikie.

Mchungaji akakohoa, akasifu msamaha, kisha akawakaribisha watu kwenye keki.

Juma lililofuata rafiki yake Goreth alipiga simu kutoka Columbus. Dimitar alikuwa amehubiri kwao, na waumini wa Louisville walikuwa wakimngoja. "Eti ulimwangukia miguuni ukilia kwa shukrani?"

Josephine akaomba namba ya mchungaji wa Louisville, akampigia saa hiyohiyo, akamweleza yote. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru sana, kisha akamwuliza kama angekubali kusimama jukwaani pamoja na Bwana Dimitar, maana waumini wangeguswa.

Josephine akasonya, akakata simu.