Mama Guixiang Avuka Kizingiti

Kijijini kwetu, aliyefia nje haingizwi ndani. Jeneza lake huwekwa kibandani kando ya barabara, na wazee husema roho yake hubaki ikizunguka ukuta kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Ndiyo maana mama mkwe wangu Guixiang, miaka themanini na saba, alipolazwa hospitali ya mjini alikuwa na ombi moja tu.

"Nirudisheni ningali napumua."

Mume wangu Delin hakutaka hata kulisikia neno kufa. "Mama, utapona. Mwaka ujao..."

"Mwaka ujao wa nani? Jeneza langu nimelipaka rangi kila mwaka, miaka kumi na miwili sasa. Unataka walale panya?"

Delin akageukia dirishani. Nilipandwa na hasira. "Baba Yulan, mama haogopi. Mwoga ni wewe!"

Akatoka kutafuta gari.

Njia nzima ya milimani nilimshika mama mkono, nikisikiliza pumzi zake. Tulipofika darajani, mzee Kuang, mkuu wa ukoo, alisimama mbele ya gari na fimbo yake. Akachungulia. Mama alikuwa amefumba macho, mdomo wazi.

"Mmechelewa," akasema. "Mpelekeni kibandani. Pole, Delin."

Delin akaangua kilio. Mimi nikamwinamia mama sikioni. "Mama, Kuang anakufukuza."

Jicho moja likafunguka.

"Kuang! Mtungi wangu wa figili za chumvi hujaurudisha tangu mwaka juzi, halafu unanizibia njia? Hebu pisha!"

Watu waliokusanyika darajani walicheka hadi machozi. Kuang mwenyewe alishika machela upande wa mbele, tukamvusha mama kizingiti.

Ukumbini tulimvika nguo zake za safari ya mwisho, vipande saba, kamba badala ya vifungo. Nilizishona mimi, katika mwaka wenye miezi kumi na mitatu kwa kalenda yetu ya mwezi, kama inavyotakiwa. Akapapasa kimoja kimoja.

"Mkono huu wa kushoto umeushona ovyo, mwanangu," akaniambia, akatabasamu. Adhuhuri, akilitazama jeneza lake jekundu, pumzi ikakoma.

Kuang alikuwa ameshakwenda kwake na kurudi, amekumbatia mtungi. Delin akatoka uani, mbele ya kijiji kizima, machozi yakimtiririka, kichwa juu.

"Mama yangu amekufa!" alipaza sauti. "Amekufa nyumbani kwake!"

Tukawasha fataki za kumsindikiza.