Programu ya Mwisho ya Faki

Faki alipofariki, Kalondu ndiye aliyeachiwa kutunza maktaba yake ya programu ndogondogo za kompyuta, zilizoandikwa kwa lugha iitwayo C. Kila programu ya kituo cha utafiti wa kilimo walikofanya kazi, karibu na mji wa Kiboko, iwe ya mvua au ya mbegu, ilizitegemea. Kisha zikaletwa kompyuta za aina nyingine, na programu za Faki zikakataa kufanya kazi. Alikuwa ameziandika kwa mashine moja tu aliyoizoea. Kalondu, aliyefundishwa kazi na Faki mwenyewe, akaanza kuzifuta na kuziandika upya ili ziende kwenye mashine yoyote.

Siku moja Esha, mjane wa Faki, alifika kutoka Kitui kuchukua sweta ya mumewe iliyobaki ofisini.

“Mwanangu, ile kazi yake bado mnaitumia?” akauliza.

Kalondu alitamani kudanganya, akashindwa. “Nimeibadilisha karibu yote, mama. Imebaki programu moja, ya kusoma tarehe.”

“Basi hiyo niachie.”

“Haifanyi kazi kwa hizi mashine mpya. Watu wanaingoja.”

Esha aliikunja sweta polepole. “Aliumia macho kwa hiyo kazi,” akasema. “Haya, fanya unavyotakiwa.”

Kalondu alimsindikiza hadi barabarani, kisha akarudi kwenye kiti kilichokuwa cha Faki. Kufikia jioni tarehe zilisomeka sawasawa kwenye kompyuta zote. Wenzake walimpongeza. Aliitikia kwa kichwa tu, akaifuta ile programu ya mwisho ya Faki.