Kompyuta Iliyougua Wiki Sita

Kisa hiki ni cha kweli kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Mahali nilipotia chumvi nimekwisha kuifuta, na kama kuna punje iliyogoma kutoka, msomaji aiteme pembeni aendelee. Wenyewe wapo hai, wanakula na kulala, na mmoja wao mpaka leo akisikia neno "drafti" anageuza uso.

Huyo anayegeuza uso, mtaani wanamwita Mtambo. Alitengeneza simu za mezani kwa miaka thelathini na mmoja, zile za kuzungusha namba kwa kidole, akastaafu karibu na siku simu zenyewe zilipostaafu. Kompyuta hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuzifungua, na kwa kuzifunga huku skrubu mbili tatu zikibaki mezani, naye akisema hizo ni za akiba. Ukimpelekea kifaa kibovu alikurudishia kizima pamoja na hadithi yake. Aliwahi kusimulia kwamba simu moja iliyosusa aliiponya kwa kuiombea radhi kupitia simu ya jirani, na waliosikia walicheka mpaka wakasahau kuuliza kama ilipona.

Basi Jumatatu moja asubuhi akaingia mdogo wake wa kike, mwalimu wa ushonaji, amekumbatia kompyuta kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Ilikuwa ya aina ile isiyo na boksi la chini ya meza: ubongo, spika na kila kitu vimo nyuma ya kioo kimoja kipana kilichosimama kwa mguu mmoja.

"Kaka, imekufa. Nilikuwa nafuta vumbi, mara kioo cheusi. Na kitabu changu chote kimo humo."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha kufundisha kukata na kushona nguo, kazi ya miaka mitatu. Mchapishaji alikuwa amempa wiki sita awe amekikabidhi. Zikipita, nafasi anapewa mwalimu mwingine ambaye cha kwake kiko tayari.

"Nakala nyingine unayo?" Mtambo aliuliza.

"Ningekuwa nayo ningekuja hapa na macho haya?"

"Basi nyamaza, mdogo wangu. Hapa umefika hospitali."

Alipoondoka, Mtambo aliiwasha. Kweli, kioo cheusi, ila pembeni palikuwa na maneno madogo yaliyosema hakuna kifaa kilichounganishwa. Akavaa miwani. Akapapasa chini ya fremu, kidole kikakutana na kitufe kidogo kama punje ya choroko. Akaizungusha ubavu, akaona tundu la kupokelea waya. Hapo akaelewa. Mashine ile iliundwa hivyo makusudi, kwamba mtu akitaka aichomeke kompyuta nyingine na kutumia kioo peke yake, ubongo wa ndani ukipumzika. Kitambaa cha vumbi kilikuwa kimekibonyeza kitufe, na tangu hapo mashine imekaa ikingoja mgeni. Akakibonyeza tena. Picha ya mdogo wake ikajitokeza, anatabasamu, na chini yake kisanduku kinachoomba neno la siri.

Dakika tano. Na mbili kati ya hizo alikuwa akitafuta miwani.

Alishika simu ampigie. Hilo tumpe, simu aliishika. Lakini jicho likaenda kwenye laptopu yake, ndogo kama kifutio cha ubao, ambayo alichezea drafti na watu asiowajua. Kwa macho yake yale, kete nyeusi na za kahawia zilikuwa zinafanana kama mapacha, na juzi tu alikuwa amejipeleka kuliwa kete tatu huku akidhani anashinda. Akajisemea, ngoja nijaribu mara moja tu. Akatafuta waya, akachomeka upande huu na upande ule, akabonyeza choroko.

Lo! Ubao wa drafti ukafunguka mpana kama sinia, kila kete kama kifuniko cha sufuria. Alishinda michezo mitatu mfululizo.

Alasiri dada mtu akapiga. "Kaka, vipi?"

Ukweli ulikuwa umekwisha kufika kwenye ulimi. Tatizo lake ulikuwa mfupi mno: ulibonyeza kitufe. Fundi wa miaka thelathini na mmoja hawezi kumkabidhi mtu neno dogo namna hiyo.

"Ubongo umepata mshtuko," alisema. "Niachie wiki moja."

"Na kitabu?"

"Kitabu ndicho ninachokipigania."

Mpango wake ulikuwa safi kabisa. Wiki ingekwisha, angeirudisha na hadithi ya kumtoa mtu machozi, dada angepata kitabu, yeye angepata sifa, na katikati angekuwa amecheza drafti kama binadamu. Hakuna aliyeumia.

Wiki ikazaa ya pili. Dada akaambiwa kipuri kimeagizwa. Kisha akaambiwa kimekuja, siyo chenyewe, kimerudishwa. Wiki ya tatu dada akapiga tena, na safari hii hakuuliza kitu.

"Nimeanza kukiandika upya, kaka. Kwa mkono. Niko sura ya pili."

Kete iliyokuwa ikitembea kwenye kioo ikasimama. "Kwa mkono? Kwa nini?"

"Sasa nifanyeje? Wewe umejitahidi. Nami nijitahidi."

Kuanzia siku hiyo drafti ikaingia mchanga. Alicheza, ndiyo, maana mkono ulishazoea, lakini kila akishinda alisikia kama amemnyang'anya mtu. Na kurudisha sasa hakukuwezekana tena kama mwanzo. Angeulizwa, wiki tatu zote ulikuwa ukifanya nini? Akaona afadhali angoje wiki ya nne, kana kwamba wiki ya nne ingekuja na jibu mfukoni.

Mkewe hakuwa mtu wa kudanganywa. Alipita na ndoo ya nguo, akakitazama kioo.

"Mgonjwa anaendeleaje? Naona leo kashinda mara mbili."

"Usinitanie, mama watoto."

"Sitanii. Wifi yangu kidole kimemvimba kwa kalamu, amekifunga kitambaa. Nimekiona kwa macho yangu. Mwambie, au nitamwambia mimi."

"Nitamwambia kesho."

"Hiyo kesho yako ina miguu mingapi? Mbona kila siku inakimbia?"

Alhamisi Mtambo akavaa viatu vya kutokea, akaenda. Njiani aliyapanga maneno: mdogo wangu, kaa chini, kuna kitu. Alimkuta mezani, karatasi zimemzunguka, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni. Vipimo vingine alikuwa amevisahau, basi alijipima mkono wake mwenyewe, kutoka bega mpaka kifundo, anaandika, anapima tena. Kile kidole kilichofungwa alikiinua juu kisiguse karatasi.

"Kaka, karibu. Usiniangalie hivyo, mimi sikulaumu. Najua unavyohangaika."

Maneno yote aliyoyapanga yakatawanyika. Na badala ya kuondoka kimya, akamsimulia habari za bingwa mmoja wa ng'ambo, mtu mwenye ndevu mpaka tumboni, ambaye amemwandikia kwamba mashine ya namna hiyo huchukua muda kujua imekosea wapi. Dada akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akamwambia amshukuru bingwa. Mtambo alirudi nyumbani akipita upande wa jua, wala hakuhisi joto.

Jumatano ya wiki ya sita, kitabu kikisubiriwa Jumatatu, sauti ya hodi ikaja pamoja na mwenye hodi. Mtambo alikuwa amebakiza hatua moja kete yake ifike mwisho wa ubao iwe kingi. Aliuchomoa waya upande wa laptopu, akaitupa laptopu kwenye kiti na kuikalia. Mtu wa umri wake, ungeshangaa kasi.

Dada aliingia na kifurushi. "Nimekushonea shati. Nimemaliza kuandika, kaka! Kurasa mia moja arobaini na tatu. Nimekuja kukwambia hiyo mashine iache ife kwa amani, usijitese tena."

Mtambo akalipokea shati. Lilikuwa na mfuko wa kalamu kifuani, kama alivyopenda. Hakujua alishike wapi.

Sasa kile kioo, kilipoona mgeni wake ameondoka, kikafanya kinachofanywa na vioo vya aina ile: mgeni asiyefika hungojwa, aliyefika akaondoka hangojwi, kikarudi kwa mwenye mali. Kikawaka, picha ya dada ikatokea, inatabasamu, inaomba neno la siri. Na chini ya makalio ya Mtambo laptopu ikalia ko! Mpinzani, popote alipokuwa, alikuwa amesogeza kete.

"Imefufuka!" Mtambo alipiga kelele. "Umeona, mdogo wangu? Imesikia nyayo zako! Bingwa aliniambia, mwenyewe akija..."

Dada aliisogelea. Alichapa neno lake la siri kwa mkono wa kushoto. Kitabu kikafunguka palepale alipokuwa amekiachia, kishale kinapepesa mwisho wa sentensi. Akaigusa sentensi ile kwa kidole chenye kitambaa, kama anayehakikisha ni ya kweli. Kisha akainama, akaokota ncha ya waya iliyokuwa ikining'inia.

"Huu ulikuwa unaenda wapi?"

"Huo ni wa... dripu," alisema Mtambo, na mwenyewe akasikia lilivyotoka.

"Nyanyuka, kaka."

Akanyanyuka. Laptopu ikabaki kitini, ya moto, ubao wa drafti uko wazi.

"Ni zamu yako," dada alisema.

Hakucheza. Alieleza yote akiwa amesimama, shati mkononi: kitambaa cha vumbi, choroko, tundu la ubavuni, dakika tano. Ilichukua muda mfupi kuliko hadithi yoyote aliyowahi kusimulia. Alitamani apigiwe kelele. Dada aliuliza swali moja tu.

"Siku ile uliponikuta najipima mkono. Ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima."

"Sawa."

Mkewe alichungulia mlangoni. "Wifi, nilete chai au nilete mwiko?"

"Lete chai, wifi. Huyu namhitaji akiwa na vidole vyote."

Maana dada alikuwa amekaa, anakisoma kile cha kwenye kioo, halafu anaangalia karatasi zake, halafu tena kioo. Cha mkono kilikuwa kizuri zaidi. Alipokuwa akikiandika mara ya pili alikuwa amekwisha kujua wanafunzi hukwama wapi. Kwa hiyo cha mkono ndicho kingekwenda, na mchapishaji hapokei karatasi; dada alikuwa amepanga kumlipa mtu wa kukichapa. Kilitakiwa kichapwe chote kabla ya Jumatatu.

"Utachapa wewe," alisema.

"Mdogo wangu, mimi nachapa kwa vidole viwili."

"Havijavimba."

Kompyuta ikarudi kwake siku hiyohiyo, na Mtambo akaifuata na laptopu yake. Alikalishwa kona ya chumba cha kushonea, kati ya cherehani na rundo la vitambaa. Kabla hajafika ukurasa wa tano macho yakaanza kutoa maji.

"Nikiunganisha kidogo tu na ile skrini..."

"Thubutu."

Akachapa. Alikuja asubuhi na kuondoka jua likizama, Alhamisi mpaka Jumapili. Kurasa za mwanzo mwandiko ulikuwa umenyooka kama pindo. Kwenye sura ya tano ulianza kuinama. Kwenye sura ya saba herufi zilikuwa kubwa na zimeachana, hapo kitambaa kilipofungwa, na mahali pamoja pembeni aliona ameandika kwa udogo: kipimo hiki nimesahau, nimepima upya mara tatu. Mtambo alikichapa kipimo hicho herufi moja moja, akakihakiki, akakihakiki tena, na hakumtazama mtu. Mara moja tu, katika sura ya suruali, alichomeka kisa cha fundi aliyemshonea tembo. Dada alipita nyuma yake.

"Futa."

Akafuta.

Jumapili alasiri ikabaki karatasi moja, ya shukrani. Aliisoma, vidole vikasimama hewani. Ilisema: Namshukuru kaka yangu, aliyeipigania kompyuta yangu wiki sita bila kuchoka.

"Mbona kimya?" dada aliuliza kutoka kwenye pasi.

"Nimefika kwenye shukrani."

"Hiyo niliiandika kabla ya Jumatano."

"Basi niifute?"

"Usiifute. Irekebishe. Andika ulichofanya. Sentensi moja, bila chumvi."

"Lakini watu watasoma!"

"Ndiyo kazi ya kitabu, kaka."

Jaribio la kwanza lilikuwa na mistari sita na radi. Dada alinyoosha mkono tu, mistari ikafutika. La pili lilisema kompyuta ilipatwa na hitilafu ya kitufe.

"Kitufe hakikukaa nayo wiki sita."

Mtambo alivua miwani, akaifuta kwa pindo la lile shati jipya, akaivaa. Kisha akachapa: Kaka yangu alikaa na kompyuta yangu wiki sita ikiwa nzima, akaitumia kama skrini ya kuchezea drafti.

Dada aliisoma mara mbili. "Na?"

"Na nini tena?"

"Na mimi wakati huo ulikuwa ukiniambia nini?"

Mtambo alikitazama kioo chake kidogo. Akarudi nyuma, akaiondoa nukta, akatafuta herufi moja baada ya nyingine kwa vidole viwili, akaongeza: huku akinidanganya. Halafu akairudisha nukta mahali pake.