Nyoka wa Kabati la Mchele

Usiku ambao kimbunga kilipita juu ya kijiji chetu cha pwani ya Louisiana, mimi nilikuwa nimelala salama katika bweni la shule, mwendo wa saa nne kwa basi kuelekea kaskazini, huku mwenzangu wa kitanda cha juu akikoroma kama boti ya kuvulia kamba. Nalitaja jambo hili kwa masikitiko makubwa, kwa sababu usingizi ule ulikaribia kuninyang'anya nyumba.

Bibi yangu, Elvina Billiot, hakulala. Alikuwa amekataa kuhama na wenzake. Alikaa bafuni na sufuria kichwani, akisali, upepo ukilifungua paa la upande wa chumba changu kama mtu anayefungua kopo la dagaa.

Niliporudi mwezi wa Oktoba kwa likizo fupi, barabara yetu ilikuwa imenyamaza. Inafuata mfereji wa maji mazito yasiyo na haraka ya kwenda popote, nyumba upande huu, boti upande ule. Nyumba zetu zimejengwa juu ya nguzo ndefu, ili mafuriko yapite chini kwa adabu. Kwa Mzee Naquin, jirani yetu, ngazi ilikuwa bado inapanda vizuri kabisa, ila juu yake palikuwa na mbingu tu. Mwenyewe alikuwa amekwenda kuishi kwa mwanawe mjini, na familia ya mbele yake pia, na ya mbele ya hiyo. Zamani jioni ungesikia redio za majirani zikigombana. Sasa nilisikia turubai la buluu juu ya paa letu likipigapiga, na Bibi jikoni akimwambia kaa aliyekuwa akimchemsha kwamba atulie.

Alikuwa anaishi jikoni humo. Pesa ya mwanzo ya serikali, ile ya maji na turubai, ilikuwa imekwisha. Tulichokihitaji sasa ni msaada wa pili, wa muda mrefu: nyumba ya trela inayoletwa kwa lori na kuwekwa uani mwako, ukae humo mwaka na zaidi mpaka ya kwako itengenezwe, pamoja na fedha za kurudishia vyombo. Ukumbi wa mpira wa kikapu wa mjini ulikuwa umegeuzwa ofisi ya mambo hayo. Tukaenda.

Aliyetuhudumia alikuwa Bi Guidry, mama mnene mpole, miwani imening'inia kifuani.

"Haya mama," alisema, "usiku wa kimbunga, nyumba hiyo alikuwa anaishi nani?"

"Mimi na Odilon."

"Odilon ni mumeo?"

"Mume wangu alikufa. Huyu hapa amerithi jina lake na ukorofi wake."

"Na alikuwepo usiku ule?"

Nilimgusa Bibi mguu chini ya meza.

"Mbona unanipiga teke?" akauliza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Hakuwepo, binti yangu. Alikuwa shule ya bweni."

Bi Guidry akaacha kuandika. "Sasa mama, hapo pana shida. Mtoto akikaa shule karibu mwaka mzima, kompyuta inamhesabu ni wa huko."

"Kompyuta ndiyo iliyomzaa?"

"Hapana, mama."

"Basi isimgawe."

Bi Guidry alicheka, lakini alieleza sheria bila kuificha. Mtu mmoja hupewa trela la chumba kimoja. Asiyeandikwa haruhusiwi kulala humo, isipokuwa siku chache za kutembelea.

"Kwa hiyo kwetu nitakuwa mgeni," nikasema.

"Mgeni anayekaribishwa," alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma.

Niseme wazi kilichokuwa mbele yangu. Mama yangu anaishi Houston na mume mwingine, watoto pacha, na kochi fupi kuliko mimi. Mumewe ni mtu mwema. Kila nikifika huniuliza, "Unakaa mpaka lini?" kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa. Likizo zangu zote zingeishia juu ya kochi lile, na Bibi angebaki peke yake kwenye barabara isiyo na watu.

"Mkaguzi atakuja Alhamisi," Bi Guidry alimalizia. "Huandika anachokiona. Akikuta dalili kwamba kijana anaishi pale, kitanda, nguo, vitu vyake, nafasi ipo."

Dalili! Tulirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja kuangalia dalili zangu. Paa lilipoondoka, mvua iliingia ikaloweka kila nilichokuwa nacho, na Bibi, ambaye ugonjwa wake ni usafi, alikivuta chote mpaka kando ya barabara, lori la takataka likakichukua. Kisha akapiga kuta na sakafu kwa klorini. Chumba changu kilikuwa kisafi kama chumba cha maiti.

Mwanafunzi wa bweni hakati tamaa mbele ya ukaguzi. Jumatano nilikwenda kanisani, ambako nguo za msaada zilirundikwa hadi dirishani, nikarudi na dalili za kutosha: godoro, shuka lenye farasi wenye pembe, viatu vya mtu mwenye miguu mikubwa ajabu, suruali ambayo mimi na mwenzangu wa bweni tungeingia pamoja, na kikombe cha ushindi kilichoandikwa "Bingwa wa Kulenga Shabaha, Akina Mama". Nilivipanga kwa ustadi. Hata nilitupa soksi moja sakafuni, kwa ajili ya uhalisia.

Bibi alisimama mlangoni akavitazama kimoja kimoja.

"Huyu anayeishi humu ni nani?"

"Ni mimi, Bibi."

"Simjui. Anavaa viatu vya askari na analala na farasi." Akaokota ile soksi kwa vidole viwili. "Toa vyote."

"Bibi, ni hivi vitu au kochi la Houston!"

"Nimesikia. Lakini mgeni hadanganywi nyumbani kwangu. Nyinyi akina Odilon, yule babu yako naye alijaribu kumuuzia padri boti yenye tundu. Toa."

Nikavitoa, nikavirudisha kanisani. Usiku ule tulikula mkate na maharage mekundu, naye alinipakulia mara mbili, ambayo ndiyo njia yake ya kuomba radhi.

Alhamisi mkaguzi akaja. Alikuwa kijana mrefu mweupe kama unga, kutoka Minnesota, kule ambako vimbunga husikika redioni tu, na jina lake lilikuwa Tvedt, jina ambalo Bibi alilijaribu mara moja akaliacha.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Asante, mama, lakini haturuhusiwi kupokea chakula."

Bibi alikuwa amepika mchuzi wa kamba tangu alfajiri. Alimtazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto mdogo, asijue ampige au amhurumie.

"Kahawa je?"

"Hata kahawa."

"Na hewa? Hiyo unavuta ya hapa au umekuja na yako?"

Tvedt aliwaka masikio akaanza kazi. Alipima paa. Alipiga picha turubai. Aliingia chumbani kwangu, akasimama katikati ya mbao tupu zinazonuka klorini, na mimi nikasimama nyuma yake, nimevaa sare ya shule kwa kuwa sikuwa na nguo nyingine.

"Hapa analala nani?"

"Mimi," nikasema.

Akazungusha macho kutafuta kitu cha kuandika. Hapakuwa na kitu. Katika maisha yangu nimetoa hotuba ya maziko ya panya mbele ya bweni zima, na nimemshawishi mwalimu wa zamu kwamba leo ni kesho. Lakini pale nilibaki kunyoosha mikunjo ya sare yangu. Tvedt aligusa kidogo kioo cha ile mashine ya mkononi aliyokuwa akiandikia, kwa aibu, kisha akasema angependa kuangalia makabati ya jikoni kama yana unyevu.

Alifungua la kwanza, sahani. La pili, sufuria. Alipofungua la tatu, la mchele, nyoka mweusi mwenye unene wa mkono wangu akaruka toka juu, akajiviringisha shingoni mwake.

Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtumishi wa serikali. Alirudi nyuma, akagonga meza, akaketi sakafuni bila kuchagua mahali, miguu mbele, mashine yake ameiinua salama juu ya kichwa.

"Ni wa mpira!" nilipiga kelele. "Ni wa mpira, kaka! Hana kitu!"

Nilimfahamu vizuri. Nilimnunua mwenyewe kwenye sherehe ya kanisa nilipokuwa darasa la sita. Lakini nilikuwa nimeduwaa kuliko Tvedt. Mara ya mwisho nilimtega nyoka yule mwezi wa Julai, Bibi alimkuta Julai hiyohiyo, nikasikia yowe lake na kupata adhabu yangu. Tangu hapo sikumgusa tena.

"Nani ameuweka huu mtego?" Tvedt aliuliza akiwa bado chini. Alinitazama mimi. Kila mtu huanza na mimi.

"Haki ya Mungu si mimi, safari hii."

"Ni mimi," alisema Bibi.

Alikuwa anakoroga mchuzi, ametugeuzia mgongo.

"Wewe, mama? Unamtegea nani?"

"Najitegea mwenyewe." Aliendelea kukoroga. "Huyu akirudi shule, nyumba inakuwa kimya. Hata sahani unasikia zikikauka. Basi namtega nyoka kama anavyomtega yeye, halafu najitahidi kusahau. Siku moja naenda kuchukua mchele, anaruka, napiga yowe, namtukana Odilon kwa jina lake na la babu yake. Kisha nacheka. Siku hiyo nakula vizuri."

Turubai lilipiga mara kadhaa juu yetu.

"Unafanya hivyo tangu lini?" Tvedt aliuliza polepole.

"Tangu alipoenda bweni. Hata kimbunga kilipokuja alikuwa mle, ametegwa. Paa limeondoka, yeye hakuanguka." Akageuka. "Nimesafisha nyumba nzima, mwanangu. Kabati hilo tu ndilo sikuligusa."

Tvedt aliinuka, akajipangusa. Akaniomba nimshike nyoka kando ya uso wangu, wima, akatupiga picha sote wawili, kisha akapiga picha ya uzi ulioning'inia kabatini.

"Unaandika nini?" nilimuuliza.

"Ninachokiona," alisema. "Siahidi chochote, bwana mdogo."

Mlangoni Bibi alimpa bakuli lililofunikwa kwa sahani. Alianza kusema habari za sheria, akamtazama Bibi, akalitazama bakuli. Hakulipokea, lakini alisimama pale akilinusa kwa muda ambao si wa kiserikali.

Mimi nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Nilizoea kudhani kwamba nikiondoka nyumba hubaki vilevile, kama kitabu kilichofungwa, mpaka nirudi. Sikuwahi kumfikiria Bibi humo ndani akifunga uzi kwa vidole vyake vinavyomuuma, kisha akijitahidi kusahau.

Wiki kadhaa baadaye niliitwa kwenye simu ya shule wakati wa chakula. Bibi hapendi kupoteza pesa kwenye simu, kwa hiyo hakunisalimu.

"Wamekuandika," alisema.

"Watu wawili?"

"Vyumba viwili. Na mle ndani wanasema hairuhusiwi kupigilia misumari, kwa hiyo uje na akili zako." Akakata.

Trela lilikuwepo nilipofika Krismasi, jeupe, limeegeshwa chini ya kivuli cha nyumba yetu kama mtoto aliyekataa kuondoka. Chumba changu kilikuwa na upana wa kitanda na mtu mmoja mwembamba. Bibi alikuwa ametandika kitanda tayari, akaweka mto, na juu ya mto kile kikombe cha Bingwa wa Kulenga Shabaha, Akina Mama. Sikuuliza alikwenda lini kukichukua tena kanisani. Niliketi kitandani nikagonga ukuta, yeye akagonga upande wa pili kutoka jikoni. Ukuta wenyewe ni kama karatasi.

"Usinitobolee nyumba ya serikali!"

"Naitambua tu, Bibi!"

Zilikuwa siku njema. Lakini nje ngazi ya Mzee Naquin bado ilipanda kwenda mbinguni, na usiku wa mwaka mpya hapakuwa na fataki hata moja barabarani kwetu. Tulipiga sufuria sisi wenyewe, tukasikiliza kama kuna atakayejibu, tukaingia ndani.

Asubuhi ya kuondoka, Bibi alipokwenda kutoa takataka, nilifungua kabati la mchele la trela. Lilinuka plastiki na halikuwa na hata tundu la uzi. Nilihangaika, nikatumia gundi ya karatasi na kipande cha kijiti, mpaka nyoka akakaa juu, kichwa chini, amejikunja kwa heshima zote. Nilijivunia kazi ile njia nzima hadi shuleni. Ndani ya basi nilicheka peke yangu, abiria wa jirani akahama.

Bwenini niliweka sanduku kitandani, wenzangu wakanizunguka kuona nimeleta chakula gani. Nikafungua kifuniko.

Akaruka. Alinipiga usoni, mweusi, mnene, uzi wa Bibi umefungwa shingoni, nami nikapiga yowe lililomtoa mwalimu wa zamu chumbani kwake. Bweni zima lilianguka kwa kicheko. Mwenzangu wa kitanda cha juu alilia machozi. Nami nilicheka nao.

Walipotawanyika niliketi nikiwa na nyoka mapajani. Huko chini, pwani, giza lilikuwa linaingia kwenye barabara yetu, na ilikuwa saa ya Bibi kupika. Angefungua kabati, na mle ndani kungekuwa na mchele tu.